Ukuta upo, kelele zinapita wapi?

Ndugu msikilizaji, juma hili tuzungumzie kelele za jirani, na hasa fedha ambazo watu huzitupa wakijaribu kuzizuia.

Hapa Dar es Salaam wengi wetu tumepanga katika nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na kila chumba familia yake. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku anataka kulala wakati mwenzake ndiyo kwanza anafungulia redio. Mtoto anasomea mtihani, chumba cha pili wanatazama mpira. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kelele za mfululizo katika chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, yaani kiasi cha mnong'ono. Maongezi ya kawaida hufikia 60.

Ukuta wa matofali ya saruji ya inchi 6, uliopigwa plasta pande zote mbili, unaweza kupunguza desibeli zaidi ya 40. Kwa hesabu hiyo, maongezi ya jirani yasingesikika kabisa. Mbona basi twamsikia hata akikohoa?

Jibu liko juu. Katika nyumba nyingi za namna hii, kuta za vyumba huishia kwenye mtambaa panya. Kutoka hapo hadi kwenye bati ni uwazi mmoja, unaotumiwa na vyumba vyote. Silingibodi nyembamba huficha uwazi huo, lakini hauzibi. Sauti hupanda kwa jirani na kushuka kwako.

Wataalamu wanatuambia kuwa ukuta wa mita 3 kwa 3 wenye tundu la sentimita 30 kwa 30, yaani sehemu moja tu katika mia, hauwezi kupunguza zaidi ya desibeli 20 hivi, hata kama ungejengwa kwa zege tupu. Na uwazi wa chini ya bati ni mkubwa kuliko tundu hilo.

Sasa wako wanaobandika ukutani trei za mayai au sponji la godoro, wakidai kuwa ndivyo zifanyavyo studio za redio. La hasha! Vitu laini huwekwa studio ili sauti ya mtangazaji isirudi kama mwangwi. Kelele za nje huzuiwa na kuta nzito na milango mizito yenye mpira pembeni. Kipimo ni rahisi: kitu ambacho ukikipuliza pumzi inapita, sauti nayo itapita. Tena trei na sponji hushika moto upesi.

Basi tuanze na la kwanza. Ukuta unaotenganisha vyumba upandishwe hadi kwenye bati, na nyufa zizibwe kwa saruji. Lakini muulize fundi kwanza kama msingi utabeba uzito huo. Matundu ya hewa yanayotazama nje yaachwe, maana joto la mji huu mnalijua. Pili, chini ya mlango piga kipande cha mpira. Tatu, sogeza kitanda mbali na ukuta wa jirani.

Mdundo wa besi ni habari nyingine. Huo hutikisa ukuta wenyewe, na dawa yake iko kwa mwenye spika: asiiegemeze ukutani, aiweke juu ya mpira mnene, na apunguze besi kabla ya kupunguza sauti.

Nani alipe? Mpangaji hulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, kisha huambiwa akarabati mwenyewe nyumba isiyo yake. Ukuta uliokatishwa njiani ni kasoro ya jengo, na jengo ni la mwenye nyumba. Wapangaji wakimwendea kwa pamoja, wakakubaliana gharama ikatwe katika kodi, atawasikiliza kuliko akiendewa na mmoja mwenye hasira. Kwa jirani asiyesikia, iko serikali ya mtaa, iko pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za kelele za mwaka 2015.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumekwisha kuujenga. Ufa ndio uliobaki.

Hadi juma lijalo, kwaherini.