Runinga ya Setilaiti na Mkono wa Serikali (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulifuata picha ikipanda kutoka studio hadi angani. Leo tushuke nayo, maana sheria hufanya kazi huku chini.

Setilaiti za runinga hukaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, zikizunguka sawia na dunia. Kigali iko takriban digrii 2 tu kusini mwa ikweta, hivyo fundi huweza kuelekeza dishi juu sana, na vilima vinavyokinga mawimbi ya minara havimsumbui. Lakini mawimbi hayohayo humwagika pia Goma, Bujumbura na Kampala bila kupiga hodi mpakani. Basi RURA, mamlaka inayosimamia mawasiliano Rwanda, imdhibiti nani?

Humdhibiti anayefanya biashara hapa. Anayeuza ving'amuzi na kukusanya ada ya mwezi ana ofisi na mawakala, na kibali chake kinaweza kufutwa. Setilaiti yenyewe haifikiwi.

Kwenye mtambo wa ardhini, mkono wa serikali hufika moja kwa moja. Oktoba 2014, baada ya BBC kuonyesha Uingereza filamu ya Rwanda's Untold Story, RURA ilisimamisha matangazo ya Kinyarwanda ya shirika hilo kwenye FM. Filamu ilirushwa Uingereza. Kilichozimwa ni redio ya hapa. Hii ni nchi ambako redio ya RTLM ilichochea mauaji hewani mwaka 1994, kwa hiyo sitamsikiliza anayedai mawimbi yaachwe huru kabisa. Ila nguvu kubwa namna hii inadai sababu ziandikwe wazi, na aliyenyamazishwa awe na mahakama ya kukimbilia.

Kuhusu viwango, hakuna ubishi mkubwa. Mkataba wa Geneva wa 2006 uliweka Juni 17, 2015 kuwa ukomo wa kulinda matangazo ya analojia ya UHF. Rwanda iliyazima yake 2014. Minara ikachukua kiwango cha DVB-T2, kinachobana chaneli nyingi katika masafa yaliyokuwa yakibeba moja. Setilaiti ina DVB-S na DVB-S2, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotea: runinga yenye T2 pekee hunasa mnara kwa antena, haisomi dishi.

Msomaji, kabla hujatoa pesa dukani, soma maandishi ya kwenye boksi, kisha mwambie muuzaji aiwashe runinga mbele yako.