Mkono wa Mtoto Uliovunjika na Hofu ya Kisu

Hakuna nyumba yenye watoto isiyokijua kilio cha mtoto aliyeanguka. Hapa Dar es Salaam huyu huteleza katika ngazi za maghorofa ya Upanga, yule huangushwa na baiskeli vichochoroni Kariakoo, na mwingine hupanda mwembe atokapo chuoni. Aangukaye hutanguliza mkono; kwa hiyo kigasha, yaani baina ya kiwiko na kifundo cha mkono, ni katika sehemu zivunjikazo mara nyingi mno kwa watoto. Hapo huzuka mashauri mawili. Bibi hutaka mjukuu wake apelekwe kwa mwunga mifupa, na baba hutaka hospitali. Lakini baba huyo huyo akilisikia neno upasuaji, moyo wake hurudi nyuma. Twaona yafaa jambo hili lielezwe, ili mzazi asiogope bure wala asipuuze.

Katika kigasha Mwenyezi Mungu ameweka mifupa miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, mmoja upande wa dole gumba na wa pili upande wa kidole cha mwisho. Tugeuzapo kiganja, ule wa dole gumba huuzunguka mwenzake. Kwa mgeuko huo ndipo tunapoinua viganja kuomba dua, tunapokinga maji ya udhu, na tunapopeleka tonge kinywani. Mifupa hiyo ikiunga huku imepinda mno au imejisokota, mgeuko hupungua, na mtoto huishi na upungufu huo hadi utu uzima.

Lakini walio wengi hawahitaji kisu. Mfupa wa mtoto umevikwa utando mnene wenye damu nyingi, nao huunga upesi kuliko wa mtu mzima. Pengine hauvunjiki kabisa, bali hupasuka upande mmoja na kupinda upande wa pili, kama kijiti kibichi cha mpera. Tena, kwa kuwa ungali unakua, huweza kujinyoosha wenyewe pindo dogo, hasa karibu na kifundo cha mkono, ambapo sehemu kubwa ya urefu wa kigasha huongezeka. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 9 hivi, tabibu aweza kukubali pindo la nyuzi 15; kwa mkubwa zaidi hukubali dogo kuliko hilo, maana muda wa kukua umebaki mchache. Msokoto, hata hivyo, hausahihishwi na kukua. Basi mara nyingi mtoto hupewa dawa ya usingizi au ganzi, mfupa ukanyooshwa, akafungwa plasta ya jasi, ambayo wengi huiita hogo, kwa muda wa wiki 6 hivi. Siku zile za kurudi kupigwa picha zisikoswe, kwani mifupa huweza kuteleza ndani ya plasta bila mtu kujua. Samaki mkunje angali mbichi: mfupa uliokwisha kuunga vibaya huenda ukalazimika kuvunjwa upya.

Upasuaji huja pale mfupa ulipotoboa ngozi, au ulipokataa kunyooka, au uliponyooshwa ukateleza tena, au mtoto akiwa mkubwa na mifupa yote miwili imeachana. Njia itumikayo sana ni vyuma vyembamba vinyumbukavyo, ambavyo matabibu wa mji wa Nancy, Ufaransa, waliviendeleza tangu karibu mwaka 1980. Huingizwa kwa vidonda vidogo, mbali na gegedu la kukulia, vikapita ndani ya mfupa na kuushikilia. Baada ya miezi kadhaa huondolewa. Karibu na kifundo hutumika waya, ambazo hutolewa baada ya wiki 4 hadi 6. Kwa vijana wakubwa huenda likafungwa bamba la chuma kwa skrubu.

Kwa kazi hiyo wakazi wa Upanga hawana safari ndefu. Hospitali ya Muhimbili, iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, imo mtaani mwao, na ndani ya eneo lake imo Taasisi ya Mifupa, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mgonjwa huanzia kituo kilicho karibu, au hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala, kisha hupewa rufaa ikihitajika.

Kwa waunga mifupa hatuna dharau, maana wengi wao wana huruma na mikono myepesi. Tunachokiogopa ni vijiti na vitambaa vifungwavyo kwa nguvu juu ya mkono unaovimba. Damu ikizuiwa, nyama za mkono huanza kufa kwa saa chache tu, na vidole hukunjamana daima. Tabibu Mjerumani Richard von Volkmann alilieleza hilo mwaka 1881. Plasta ya hospitali nayo yaweza kuleta balaa hiyo. Basi mtoto akilia kwa maumivu yanayozidi, hasa anyooshwapo vidole, au vidole vikiwa baridi, vimefifia au vimekufa ganzi, arudishwe hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane.

Nyumbani, ajali ikitokea, uvueni haraka bangili, pete na hirizi kabla mkono haujavimba. Utegemezeni kwa gazeti lililokunjwa na mtandio shingoni. Kidonda kifunikeni kwa kitambaa safi. Msitie majivu wala majani. Tena msimpe mtoto chai na maandazi njiani kwa kumbembeleza, maana chakula humlazimisha tabibu kungoja saa 6 kabla ya kumlaza usingizi, isipokuwa kwa dharura.

Na yule aliyekwisha kufundishwa sala asidhani plasta imemzuia. Wanazuoni wa fiqhi wameuweka mlango wa jabira, wa kupangusa juu ya kifungo kwa mkono wenye maji. Mwalimu wake wa chuo atamwonyesha namna yake.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumwondolei mzazi wajibu wa kushika sababu. Mkono ule mdogo ni amana, na siku chache za kwanza ndizo ziamuazo kama utainuka sawasawa kwa dua miaka hamsini ijayo.