Picha za sebuleni Lubumbashi zahifadhiwa Ubelgiji

Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi Anderlecht, magharibi mwa jiji la Brussels, hazina kubwa ya sanaa ya watu wa kawaida wa Kongo haiko mbali. Imo Tervuren, upande wa pili wa jiji, katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati.

Makumbusho hayo, yaliyotokana na maonyesho ya Mfalme Leopold wa Pili ya mwaka 1897, yanajulikana zaidi kwa vinyago vyake. Hata hivyo, mwaka 2013 yalipata michoro ipatayo 2,000 iliyokusanywa na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki.

Michoro ya aina hiyo haikukusudiwa makumbusho. Wachoraji wa miji kama Lubumbashi, wengi wao wakiwa hawakusomea sanaa, waliwauzia majirani zao, nao wakaitundika sebuleni. Wapo waliopenda mamba muntu, yaani nguva anayeleta utajiri. Wengine walitaka picha ya mfungwa akichapwa viboko mbele ya afisa wa Kibelgiji, au ya Patrice Lumumba, aliyeuawa karibu na mji huo Januari 17, 1961.

Kwa Kiswahili cha Lubumbashi, picha hizo ziliitwa ukumbusho. Mgeni alipouliza maana yake, mwenyeji alipata nafasi ya kusimulia yaliyopita.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alikwenda mbali zaidi. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake katika picha zaidi ya 100, huku akimfafanulia kwa Kiswahili mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani alipo. Picha zake hizo zimo Amsterdam, Uholanzi.

Je, kazi hizi zitarejeshwa? Sheria ya Ubelgiji ya mwaka 2022 inahusu vitu vilivyochukuliwa enzi za ukoloni. Michoro iliyonunuliwa baada ya uhuru haimo.

Nchini Mexico, makumbusho ya sanaa ya aina hii yalifunguliwa mwaka 2006 katika mji mkuu, na fundi wa huko anaweza kumpeleka mwanawe kuona urithi wake. Kwa kijana wa Lubumbashi, kuona ukumbusho uliotundikwa zamani sebuleni kwa babu yake kwaweza kuhitaji viza.