Namba ndogo, bei kubwa?

Agosti 2021, kampuni ya Bonhams ilipiga mnada bastola ya Colt mjini Los Angeles ikauzwa zaidi ya dola milioni 6, bei ambayo hakuna silaha ya moto iliyokuwa imeifikia mnadani. Ndiyo aliyoishika sherifu Pat Garrett usiku wa Julai 1881, alipompiga risasi mhalifu Billy the Kid huko New Mexico. Namba yake ya kiwandani? 55093. Zaidi ya Colt elfu hamsini za aina hiyo zilikuwa na namba ndogo kuliko hiyo, na hazimnyimi mtu usingizi.

Hata hivyo wakusanyaji wa Marekani wana ugonjwa wa namba 1. Mwaka 2016, bunduki ya Winchester ya modeli ya 1886 yenye namba hiyo iliuzwa dola milioni 1.265. Lakini ilikuwa zawadi kwa Kapteni Henry Lawton, yule aliyemwandama Geronimo, kiongozi wa Waapache, hadi akasalimu amri. Ukimwondoa Lawton, naamini ingebaki bunduki ghali, ila milioni isingefika.

Ukishaipita namba 1 na jirani zake wachache, mvuto huporomoka haraka. Mnunuzi mzoefu hutazama kwanza kama rangi ya kiwandani ingalipo, na kama vipande vimekaa pamoja tangu mwanzo. Bastola za Luger zina tarakimu mbili za mwisho za namba hata kwenye vipande vidogo. Kimoja kikitofautiana, bei inashuka, hata kama bastola yenyewe ni ya mapema kiasi gani. Kisha zipo karatasi: Colt hutoa barua kutoka kumbukumbu zake, ikionyesha silaha ilitoka kiwandani lini na ilipelekwa wapi.

Kisa kinachonifurahisha zaidi ni cha Springfield ya 1903, bunduki ya jeshi la Marekani, kwa sababu huko namba ndogo ni mkosi. Wahunzi walikuwa wakipima joto la chuma kwa macho, kwa kuangalia wekundu wake tanurini. Siku ya jua kali kile chuma kilionekana kama hakijaiva, basi wakakiacha kiendelee, nacho kikaungua na kuwa chepesi kuvunjika. Mwaka 1917 baadhi ya bunduki zilipasuka mikononi mwa wapigaji, na utaratibu wa tanuri ukabadilishwa.

Tangu hapo mpaka uko wazi: zilizotengenezwa kiwanda cha Springfield chini ya namba 800,000, na zile za kiwanda cha Rock Island chini ya 285,507, watu wengi hawathubutu kuzitia risasi. Zinatundikwa ukutani. Muuzaji akijisifu kwamba yake ni ya mwanzo mwanzo kabisa, anayetaka kwenda nayo kulenga shabaha anamshukuru, kisha anahamia meza ya muuzaji mwingine.