Metali Zinazopumua: Nani Bingwa, na wa Nini?

Kifuniko cha keki, trei ya plastiki ya mayai, ukuta wa ndani wa friji: vyote vilianza vikiwa bamba bapa la plastiki. Bamba hupashwa moto hadi likalegea, hulazwa juu ya kalibu, kisha pampu hufyonza hewa iliyonaswa katikati. Hapo hewa ya nje hulikandamiza bamba likashika umbo. Lakini hewa iliyo chini yake lazima ipate pa kutokea. Ama fundi aitobolee njia kwa keekee, kitundu baada ya kitundu, ama anunue metali yenye vinyweleo mwili mzima. Metali hizo ziko za aina nyingi, na kila moja inashikilia rekodi ambayo nyingine haina.

Nguvu iliyo dhaifu kuliko zote

Kabla ya metali, tuanze na nguvu inayolifinyanga bamba, maana ndiyo inayoamua mengine. Mashine zinazodunga plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu hutumia mamia ya kilo kwa kila sentimita mraba. Kufinyanga kwa ombwe, yaani huku kwa kufyonza hewa, hakuwezi kuvuka kilo moja hivi, kwa sababu hewa ya dunia haina zaidi ya hiyo. Tena hiyo ni kwa mtu wa Mombasa au Dar es Salaam. Nairobi, mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua karibu moja ya tano, na hakuna pampu ya bei yoyote itakayoirudisha. Karakana ya Nairobi ina sababu zaidi ya kuhakikisha njia za hewa kwenye kalibu zake hazibani.

Kwa hiyo ugumu wa metali si swali la kwanza. La kwanza ni hewa itapita vipi, la pili ni joto litaondoka vipi. Isipokuwa kalibu ikiwa kubwa: mita mraba moja hubeba karibu tani kumi, na ukiichimba ndani bila kuiwekea nguzo itabonyea.

Yenye uwazi mwingi kuliko zote

Kama tuzo ingekuwa ya matundu tu, mshindi angekuwa kimia cha nikeli kilichotangazwa Marekani mwaka 2011, ambacho asilimia 99.99 ya ujazo wake ni hewa. Nyuma yake ingekuja povu ya alumini yenye vyumba wazi, kama Duocel, ambayo metali yake ni kati ya asilimia 3 na 12 tu. Zote mbili hazifai kitu hapa. Povu ingechapa kila tundu lake kwenye plastiki, na kimia kisingestahimili uzito wa bamba. Zipo pia povu ambazo vyumba vyake vimefungwa; hizo zina mapovu tele na hazipitishi hewa hata kidogo. Muuzaji akikutajia asilimia ya uwazi, muulize kama matundu yanaungana.

Inayotosha mahali pengi kuliko zote

Kura yangu naipa alumini ya punje iliyoshikwa kwa gundi ya epoksi, ambayo aina yake maarufu ni METAPOR ya Uswisi. Muundo wake ni wa kashata ya karanga: punje zimegusana, gundi imezishika pale zinapogusana, na katikati kumebaki nafasi. Vinyweleo vyake ni vya takribani mikroni 15, wakati unywele wa binadamu hukaribia 70. Kitundu cha keekee cha nusu milimita huacha alama kwenye plastiki laini kama polithini. Vinyweleo hivi haviachi. Na kwa kuwa hewa hutoka kila mahali, hakuna kona inayobaki na kifuko cha hewa kilichonaswa, ugonjwa mkubwa wa kalibu zenye nakshi.

Ila ina masharti. Kinyweleo kikipungua upana kwa nusu, hewa inayopita humo hushuka hadi moja ya kumi na sita. Hesabu hiyo imejulikana tangu wanasayansi Hagen na Poiseuille, miaka ya 1839 na 1840. Hata ukijaza vinyweleo vidogo mara nne kufidia nafasi ileile, bado unapata robo tu ya hewa ya awali. Na njia nyembamba hivyo ikirefuka, hewa huzidi kukwama. Ndiyo maana bonge nene ni adui: lichimbwe kwa nyuma libaki jembamba, na pande zake zipakwe epoksi au rangi ili pampu isifyonze hewa ya karakana. Mafuta ya kupozea wakati wa kuchonga ni marufuku, kwani yakiingia kwenye vinyweleo hayatoki kirahisi. Kisu kiwe kikali. Faida ya pembeni ambayo mafundi huipenda: ukigeuza hewa na kupuliza kutoka nyuma, kipande huachia kalibu chenyewe.

Joto ndilo linaloiangusha. Alumini tupu hupitisha joto kwa wati 237 kwa kila mita na digrii, epoksi kwa takribani 0.2, na hapa punje zimetenganishwa kwa gundi. Daraja lake la BF 100 hustahimili kama nyuzi 100 za selsiasi na HD 210 kama 210, tarakimu za majina zikikuambia hivyo, na plastiki nyingi hufinyangwa zikiwa nyuzi 150 na zaidi. Kwa vipande vichache hakuna shida. Kwa maelfu kwa siku, kalibu hulimbikiza moto na kazi hupunguza mwendo.

Yenye vinyweleo vidogo na ngumu kuliko zote

PORCERAX ya Japani ni unga wa chuma uliookwa hadi punje zikashikana bila kuyeyuka. Uwazi wake ni kati ya asilimia 20 na 30, na lipo daraja la mikroni 7. Ukiichonga kwa kisu cha kawaida, chuma hupakaa na kuziba midomo ya vinyweleo, hivyo uso wake humaliziwa kwa cheche za umeme. Kwa kazi ya ombwe ni anasa. Nyumbani kwake ni kwenye mashine za kudunga.

Yenye uso mzuri kuliko zote

Hapa hakuna ubishi: ganda la nikeli linalokuzwa kwa umeme ndani ya kimiminika, mbinu ambayo Moritz Jacobi aliigundua Urusi mwaka 1838. Kampuni ya KTX ya Aichi, Japani, hulikuza likiwa na vitundu vya takribani sehemu ya kumi ya milimita, vinavyopanuka kuelekea nyuma ili uchafu usikwame. Dashibodi za magari zenye mikunjo ya ngozi na hata alama za mshono hutoka humo. Bei yake ni ya viwanda vya magari.

Ya bei nafuu kuliko zote

Si metali. Ni plasta, na Afrika Mashariki wanaijua vizuri kuliko wanavyodhaniwa. Katika chuo cha TATCOT, kilichoko hospitali ya KCMC mjini Moshi, wanafunzi hujifunza kutengeneza miguu ya bandia kwa kulaza polipropilini iliyolainishwa juu ya umbo la plasta na kufyonza hewa, mbinu ambayo hutumiwa pia na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Plasta huvishwa kwanza soksi ya kitambaa, na hewa hupita kwenye nyuzi zake.

Ukiwa na vipande vya kuhesabika, tumia plasta. Ukiwa na sampuli na mamia, nunua alumini ya punje. Ukifika maelfu, chonga alumini tupu yenye mifereji ya maji, itoboe kwa keekee, na uweke pachiko za metali yenye vinyweleo kwenye kona ngumu peke yake.