Pointi moja na nusu: ni haki ao ni upendeleo?



Juma lililopita, kisha mkutano wetu, wamama wawili walibaki wakibishana penye mlango. Mmoja, kijana wake amepata 64% kwenye mtihani wa Serikali na anataka kusoma udaktari. Alikuwa amesikia watu wakisema kwamba wasichana wasaidiwe kuingia chuo kikuu. Akauliza: «Wakiwapa wasichana pointi za bure, mwanangu atapita wapi? Yeye amekosa nini?» Mwenzake akamjibu: «Yaya, kijana wako aliamka saa ngapi kuchota maji?»

Wote wawili wakaniangalia mimi, kwa sababu ni mwalimu. Siku ile sikujibu. Leo ninajaribu.

Tuanze kwa jirani. Katika Uganda, mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuongezea kila msichana anayeomba nafasi pointi 1.5. Wakati ule, kati ya wanafunzi wanne, msichana alikuwa kama mmoja tu. Miaka ilipopita, wasichana wakakaribia nusu. Lakini jambo lingine lilionekana pia: waliofaidika zaidi ni mabinti wa familia zenye uwezo, waliosoma kwenye sekondari nzuri za Kampala na pembeni yake. Binti wa mkulima wa mbali alikuwa ameacha masomo zamani. Pointi zilipofika, yeye hakuwa kwenye mstari.

Wazazi wetu waliona namna nyingine. Miaka ya 1970, wakati chuo kikuu cha hapa Lubumbashi kilikuwa sehemu ya UNAZA, nafasi ziligawanywa kwa hesabu ya kila mkoa. Ilisemwa ni kwa kusaidia mikoa iliyobaki nyuma. Lakini kijana mwenye pointi nyingi aliweza kukosa nafasi kwa sababu ya asili ya baba yake. Uchungu wa namna hiyo hausahauliki upesi.

Leo, Katiba ya 2006, kifungu cha 14, na sheria ya 1 Agosti 2015 zinaomba Serikali iondoe ubaguzi juu ya mwanamke. Lakini mtihani wa Serikali hauulizi wewe ni nani: 50% ni 50% kwa wote.

Basi, nani ana haki? Mama wa kijana anasema kweli: mtoto asilipe deni ambalo hakulichukua. Mwenzake pia anasema kweli. Katika kalasi yangu kuna msichana anayefika amechelewa, kisha kuchota maji na kuwasha makala, anakuta wenzake wanamaliza interro. Pointi 55 zake na pointi 55 za yule aliyelala mpaka saa kumi na mbili si kazi moja.

Mimi sikatai pointi 1.5. Lakini zinangojea kwenye mlango wa mwisho, na mabinti wetu wengi wanabaki njiani. Pesa ya masomo ikipunguka, nani anaambiwa angojee mwaka ujao? Wakati wa kuchagua option, nani anaambiwa: «Hesabu ni ya vijana, wewe jifunze kushona»? Maneno hayo hayatoki kwa waziri. Yanatoka kwetu, karibu na sufuria ya bukari.

Kwa hiyo, mama, gawa kazi ya nyumba: kijana anaweza kubeba bidoni na kuosha sahani. Binti wa mwaka wa mwisho apate saa mbili za daftari kila jioni. Na kama anapenda hesabu, usimkatishe moyo.

Kwa mkutano ujao, kila kikundi kilete hesabu: wasichana wangapi wa avenue yenu walianza mwaka wa 7, na wangapi wamefika kwenye mtihani wa Serikali. Tukishaona hesabu hiyo, tutaongea juu ya haki.