Ushuru wa Kipimo cha Hewa

Hewa ipitayo katika bomba, ifikapo penye dhiki, hulazimika kwenda mbio, na kadiri izidivyo mbio ndivyo kanieneo yake ipunguavyo. Kwa asili hii, aliyoibainisha Daniel Bernoulli mwaka 1738 katika habari za maji, Mmarekani Clemens Herschel aliunda kipimo akakipa jina la Mtaliana Venturi. Neli ya kioo iliyopindwa, yenye maji, huonyesha tofauti ya kanieneo: mtiririko ukizidi mara 2, tofauti huzidi mara 4.

Lakini kipimo hutoza ushuru. Bamba lenye tundu, kipimo kingine kilicho rahisi kwa bei, huivuruga hewa nyuma yake, na sehemu kubwa ya kanieneo iliyopungua hairejei abadani. Ilhali kipimo cha Venturi, kwa kutanuka taratibu, hurejesha sehemu yake kubwa. Hasara iliyobaki huilipa feni isukumayo hewa, usiku na mchana, kwa umeme wa mwenye nyumba.